Mtani Aliyelala Katika Kaburi la Babu

Katika siku zote za usichana wangu, ninayoikumbuka kwa uwazi zaidi ni ile siku mtu mzima mwenye koti na viatu vya ngozi alipoteremka ndani ya kaburi la babu yangu, akalala chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki humo mpaka Wangoni wote waliosimama pale wakiri kwa sauti kwamba mtwa, yule mtawala wa Wahehe, alikuwa shujaa kuliko nduna, jemadari wetu wa zamani.

Jeneza lilikuwa pembeni, limelazwa juu ya magogo mawili, na babu alikuwa ndani yake. Katekista alikuwa ameshafungua kitabu. Wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa mjini, na kila mtu alikuwa akilitazama kwa jicho moja. Yule bwana huko chini alikuwa amefumba macho kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari.

Usicheke kwanza, mwanangu. Au cheka, maana hata sisi tulicheka. Lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kicheko chetu hakikudumu.

Nimeamua kuieleza habari hii kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwangu Mfaranyaki, Songea mjini, mwaka huu, siku zile za Februari tunapowakumbuka mashujaa wa Majimaji. Vijana wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja uani kwangu. Mmoja ni Deo, mjukuu wa dada yangu, Mngoni wa Maposeni. Mwingine ni Hamisi, Myao kutoka Nalasi kule Tunduru. Wote wanaendesha bodaboda, wanapika sufuria moja, na Hamisi akifunga mwezi wa Ramadhani, Deo ndiye aliyekuwa akimkumbusha kuamka kula daku. Jioni hiyo walikuwa wakitazama simu. Kumbe kuna mtu huko amewapanga watawala wa zamani waliopigana na Wazungu, kama timu za mpira, wa kwanza nani na wa mwisho nani. Nilikuwa barazani napepeta mchele, nikawasikia.

"Mtawala wenu wa Kiyao alikimbia," Deo alisema. "Alivuka Ruvuma akaenda kujificha kwa Wareno."

"Aliwaandikia Wajerumani barua ya kuwakatalia, tena mapema, kabla ninyi hamjashtuka," Hamisi akajibu. "Ninyi mlijipaka maji mkadhani risasi zitayeyuka."

"Mkimbizi!"

"Mjinga wa maji!"

Hadi hapo nilidhani wanataniana. Kisha nikasikia mlango. Hamisi alitoka na godoro lake kichwani, akanipita bila kuaga, kijana ambaye hajawahi kunipita bila shikamoo. Tangu siku hiyo wanapishana kijiweni kama watu wasiojuana. Nimemwita Deo, nikamkalisha, nikamsimulia haya ninayokusimulia wewe sasa.

Turudi Maposeni, kijijini kwetu, kwenye kaburi.

Aliyelala humo aliitwa Mzee Kalinga. Alikuwa Mhehe wa upande wa Iringa, fundi seremala, aliyekuja kufanya kazi misheni akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Babu alikuwa mwashi. Babu alipandisha kuta, Kalinga akatia milango na madirisha, na nyumba nyingi za zamani za upande ule zimepita katika mikono yao wawili. Walibishana kazini, walibishana wakitoka misa, walibishana nyuma ya nyumba yetu wakinywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ubishi wao ulikuwa mmoja tu: kati ya mtwa wa Wahehe na nduna wa Wangoni, nani alimkatalia Mjerumani vizuri zaidi. Nimekua nikiusikia ubishi huo kama wengine wanavyokua wakisikia kengele ya kanisa.

Inabidi nikueleze kidogo habari ya utani, maana vijana wa mjini siku hizi mnafikiri utani ni maneno ya kuchekesha tu. Wazee wetu walipigana na Wahehe kabla Mzungu hajafika. Hakuna aliyemshinda mwenzake kabisa. Vita ile ilipokwisha ikaacha utani kati yetu na wao, na utani una kanuni zake. Mtani wako anaweza kukuambia lolote. Anaweza kuchukua kuku wako bandani na kuondoka naye akipiga mluzi. Anaweza kumwita mke wako mke wake. Msibani ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote: anaiga kilio chako, anavaa nguo za marehemu, na akitaka anazuia maziko mpaka mumkomboe kwa kuku au kwa kibuyu cha pombe. Wewe unaruhusiwa kumjibu kwa ulimi wako wote. Jambo moja tu haliruhusiwi, nalo ni kukasirika. Ukimkasirikia mtani umevunja kitu ambacho wazee walikijenga ili wasirudi tena kwenye mikuki.

Asubuhi ile Mzee Kalinga ndiye aliyelitengeneza jeneza, uani kwetu. Mimi nilikuwa nikichota maji, nikawa napita mbele yake kila mara. Nilimwona akipiga randa, nikamwona akisimama na kujifuta uso kwa mkono uliojaa unga wa mbao, na unga ule ukabaki umeganda mashavuni. Hakuna aliyemwambia. Alipomaliza alinawa, akavaa koti, akatangulia makaburini. Tulipofika na jeneza tukamkuta amekwisha kuteremka.

"Mla mbwa, toka humo!" mzee mmoja alimpigia kelele kutoka juu.

"Mla panya, sitoki. Huku chini kuna baridi nzuri. Huyo mwenzenu mtafutieni pengine."

"Mvua inakuja, Kalinga!"

"Basi kirini upesi. Mtwa wetu aliwapiga Wajerumani pale Lugalo mpaka wakaacha bunduki porini. Ninyi siku hiyo mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunasubiri mmalizane, tuje tuzoe!"

Watu wakacheka. Mama zangu waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo.

"Nduna wenu alikamatwa kama kuku!"

"Na mtwa wenu alijificha msituni akilishwa na wanawake!"

"Na walimlisha!" sauti ikajibu kutoka shimoni. "Walimlisha mpaka mwisho. Ninyi mngempeleka bomani kesho yake, na kikapu cha mahindi juu!"

Hata katekista alicheka, akajifanya anakohoa. Nilimwona.

Hapo ndipo Mzee Kalinga aliposema lile neno. Alisema akiwa bado amefumba macho: "Tena sisi Wazungu walituchukulia kichwa cha mtwa wetu, tukakidai, kikarudi. Kiko Kalenga, nimekwenda nikakiona. Kichwa cha nduna wenu kiko wapi? Mmebaki na kiwiliwili!"

Hakuna aliyecheka.

Kwa asiyejua habari za huku niseme wazi. Hapa Songea viongozi wetu walinyongwa katika vita ya Majimaji, wakazikwa katika shimo moja. Nduna wetu, yule ambaye mji huu umebeba jina lake, alinyongwa siku nyingine akazikwa peke yake, na wazee wanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Tumetaniwa kwa mengi, lakini hilo halikuwa limewahi kutiwa mdomoni na mtani yeyote mbele yetu.

Baba mdogo Fidelis alikuwa amesimama karibu na rundo la udongo. Yeye ndiye mtoto wa mwisho wa babu. Alikuwa amekaa Dar es Salaam muda mrefu akifanya kazi ya ofisini, na alikuwa amefika kwa basi usiku wa kuamkia siku hiyo. Huko alikokuwa hapakuwa na watani, au walikuwapo naye akasahau kuwatumia. Nilimwona akishika chepe. Nilidhani anataka kulisogeza. Akachota udongo, chepe zima, akaumwaga ndani.

"Umependa kaburi," alisema. "Basi lala."

Sauti ya udongo ule ukigonga koti ninayo mpaka leo. Mzee Kalinga alifumbua macho, lakini hakuinuka. Hakujipangusa. Baba mdogo akachota tena.

Wanaume waliokuwa karibu walibaki wameduwaa, maana hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Watoto wa Mzee Kalinga, vijana wawili wenye mabega ya kazi, walikuwa wameanza kusogea kutoka nyuma. Mwanangu, ninakueleza nilichokiona: ilibaki kidogo sana tumzike babu kwa ugomvi, na tuwapoteze watu waliotutengenezea milango ya kila nyumba tuliyolala.

Bibi alikuwa ameketi mkekani kando ya jeneza, amejifunika kaniki. Alinyanyuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na alikuwa na tabia moja niliyoirithi: hakuwa akiwataja kwa majina wakubwa waliotangulia. Alisema si adabu kumwita mtu asiyeweza kuitika. Ndiyo maana na mimi hapa nasema nduna, nasema mtwa. Wewe unawajua.

"Fidelis, weka chepe chini."

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Baba yako alimsikia huyu maisha yake yote, na hakumrushia hata punje ya udongo. Wewe umemsikia leo tu."

Baba mdogo akaliweka chepe chini. Bibi akaenda mpaka ukingoni, akaketi juu ya udongo mbichi, miguu ikining'inia ndani ya kaburi la mume wake. Wanawake wakaguna. Hakuwajali.

"Kalinga."

"Mke wangu." Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mume gani wewe, unalala mchana na watu wana kazi?"

Wachache wakacheka kidogo, kama watu wanaojaribu kuwasha moto kwa kuni mbichi.

"Unataka tukiri," bibi akasema.

"Nataka."

"Basi nisikilize, maana mwenzako alikuwa na tabia ya kukukatiza. Mimi sikatizi na sipendi kukatizwa." Akavuta kaniki mabegani. "Mama mkwe wangu alimzaa huyu aliyemo sandukuni katika ile njaa ya baada ya vita. Mashamba yalikuwa yamechomwa, maghala yamechomwa, wanaume wako shimoni. Alimnyonyesha kwa nguvu ya mizizi ya porini. Yeye alikuwa amemwona nduna kwa macho yake. Siku moja, nikiwa bado bi harusi nisiyejua la kuuliza na la kuacha, nikamwuliza kama nduna alikuwa shujaa. Akaniambia hilo ni swali la watu walioshiba."

Bibi akalitupia jicho jeneza, kisha akaendelea.

"Yeye alikuwa na swali lake. Alikuwa akiuliza: siku ile ilipofika, mtu huyo aliulizwa nini, na mkononi alikuwa na nini? Haya. Mtwa wako alikuwa na ngome ya mawe. Alikuwa na bunduki alizowanyang'anya. Alikuwa na msitu, na watu wa kumletea chakula. Walipoibomoa ngome akabaki na msitu. Walipoufunga msitu akabaki na risasi. Akaulizwa, utakuja na kamba shingoni? Akajibu kwa kile alichobakiwa nacho, akajimaliza mwenyewe. Nani wa kumcheka?"

"Hakuna," ilisema sauti kutoka chini.

"Nimesema usinikatize. Nduna wetu yeye alikuwa na nini? Alikuwa na maji ambayo hayakufaa, na watu walioyaamini. Wenzake walinyongwa. Yeye, wazee walituambia, Wazungu walitaka kumwacha hai. Akaulizwa, utabaki unakula ugali wenzako wakiwa chini? Akasema ninyongeni na mimi. Mmoja alikataa kukamatwa ili watu wake wasimwone amefungwa. Mwingine alikataa kuachwa ili watu wake wasimwone amesamehewa. Wewe ni fundi, Kalinga. Toa hiyo futi yako mfukoni unionyeshe, utapimaje mambo hayo mawili ujue lipi ni refu?"

Aliposema hivyo nilimwona Mzee Kalinga akigusa mfuko wa koti, kwa mazoea tu, kisha akaurudisha mkono kifuani.

"Na wala msiwafanye malaika," bibi akaendelea, sasa akitutazama sisi tuliosimama juu. "Kabla Mzungu hajaja, wa kwake na wa kwetu wote walichoma vijiji vya watu. Waulizeni Wamatengo kwa nini walipanda milimani. Waulizeni Wayao. Walikuwa watu wenye mikono michafu, kisha siku moja wakaulizwa swali gumu, wakalijibu vizuri. Ndivyo alivyokuwa akisema mama mkwe wangu."

Ngurumo ikapita. Katekista akatazama juu, akafunga kitabu kukikinga.

"Na lile la kichwa," bibi akasema polepole. "Lile ulilolisema mwisho."

"Najua," Mzee Kalinga akajibu.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba marehemu hakuwa na jibu lake. Tumebishana miaka yote, na sikuwahi kumwambia. Lilikuwa hapa mdomoni mara nyingi, nikalimeza. Leo nimelisema kwa sababu hanisikii."

"Anakusikia," bibi akasema.

Yule mzee huko chini akajifunika uso kwa mikono miwili, na udongo wa baba mdogo ukaanza kutetemeka juu ya koti lake.

Bibi hakumharakisha. Baadaye akamwuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza habari za shamba: "Sasa unatoka, au tukuzike naye?"

"Hamjakiri."

"Hatukiri."

"Hata kidogo?"

"Hata punje."

"Afadhali," alisema Mzee Kalinga. "Maana mkikiri leo, nikitoka humu nitabishana na nani?"

"Utakuja Jumapili baada ya misa, kama siku zote. Nitakujibu mimi."

"Utaniweza wewe?"

"Nimekuwa nikimsahihisha mume wangu kila ulipoondoka. Nitakuweza."

Hapo watu walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa kizima. Bibi akageuka. "Fidelis, mpe mkubwa wako mkono atoke."

Baba mdogo alipiga magoti ukingoni na kunyoosha mkono. Mzee Kalinga aliutazama mkono ule kwa muda, kisha akaushika. Alipofika juu wanawake walitaka kumpangusa koti, akakataa. Alisimama na udongo wake kifuani mpaka babu akashushwa, mpaka kaburi likajaa, mpaka mvua ikaja na kumsafisha yenyewe. Jioni baba mdogo alimpelekea jogoo, kama inavyotakiwa. Mzee Kalinga alimpokea jogoo akamwambia ni mdogo, amlete baba yake. Kwa maneno hayo tukajua tumesamehewa.

Jumapili alikuja. Alikuja hata Jumapili zilizofuata. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea togwa, kwa hiyo niliyasikia mengi, na naweza kukuhakikishia bibi hakuwahi kukiri na Mzee Kalinga hakuwahi kushinda. Lakini lile la kichwa hakulirudia tena.

Msimu wa mahindi mabichi alifika na kitu kimefungwa gunia. Akakifungua mezani. Lilikuwa sanduku dogo la mbao za mninga, limepigwa msasa mpaka linang'aa, kifuniko kimekaa bila hata nafasi ya unywele.

"Nimeona hamna seremala kwenu," alisema. "Siku nduna wenu akirudishwa, mtamweka wapi? Kwenye kapu la viazi? Nimelipimia kichwa changu mwenyewe, nikaongeza kidogo, maana vichwa vya Wangoni ni vikubwa ingawa ndani hamna kitu."

Bibi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaendelea kushika meza, na hakuwa anacheka tena.

"Chetu kilirudi," Mzee Kalinga akasema, sasa bila utani, "na hata huko kwetu wapo wanaouliza kama ndicho chenyewe. Usidhani tumelala usingizi mzito kuliko ninyi, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mama.

Miaka ilipita, naye akafariki. Tukaenda kumzika palepale Maposeni, si mbali na babu. Baba mdogo Fidelis alisafiri kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye mvi sasa, amevaa suti. Jeneza lilipowekwa chini tulimtafuta tusimwone. Kisha tukasikia sauti kutoka kaburini.

"Sitoki humu mpaka Wahehe wote mkiri!"

Mtoto mkubwa wa Mzee Kalinga alisogea ukingoni, machozi yanamtoka, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Hatukiri, mla panya! Hata punje!"

Sasa nikupe neno langu, mwanangu, kwa uwazi.

Utawasikia watu wakiwapanga watawala wa zamani mmoja juu ya mwingine. Usishindane nao. Wa kwenye ngome ya mawe aliulizwa lake. Wa hapa kwetu aliulizwa lake. Na yule Myao wa uwanda wa Makonde, ambaye Deo alimwita mkimbizi, naye aliulizwa lake: atakwenda pwani kuwainamia Wajerumani au hataenda? Akaandika kwamba haendi. Walipomjia na bunduki nyingi akavuka mto na watu wake. Mtu aliyevuka mto na watu wake bado ana watu. Kabla hujasema fulani alikuwa shujaa na fulani mwoga, uliza aliulizwa nini, na mkononi alikuwa na nini, na nani walibaki nyuma wakila mizizi. Ukishayajua hayo, ulimi wako utapunguza kasi wenyewe.

Ubishi usiuache. Bishana na Myao, bishana na Mhehe, waite wote majina unayotaka, nao wakuite. Ubishi wa namna hiyo ndio uliotuweka pamoja. Lakini usikasirike. Na kama ulimi ukikuponyoka ukagusa pale panapouma, usihamishe godoro wala usishike chepe. Kaa hapo hapo, sema umekosa, kisha nenda ukafanye kitu kwa mikono yako umletee mwenzako.

Mungu akupe marafiki wa kubishana nao mpaka uzeeni. Akupe mtu wa kukuzuia kwa sauti ndogo siku utakapokuwa umeshika chepe. Na siku yako ikifika ya kuulizwa swali gumu, akukute na jibu, hata kama mkononi huna kitu.

Deo alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kuliona lile sanduku. Nikamwonyesha. Liko juu ya kabati langu, bibi aliniachia mimi. Kwa uhai wake wote hakuweka kitu ndani yake, hata rozari, na mimi pia sijaweka. Deo alilifungua, akatia mkono ndani kama mtu anayepima kina, akalifunga, akatoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka. Sijui kama alielekea kwa Hamisi.

Kichwa cha nduna hakijarudi. Wapo wanaokitafuta huko Ulaya, na kila Februari tunaambiwa wanaendelea kutafuta. Kila Jumamosi nalifuta sanduku vumbi.